Karatasi Ndani ya Mafuta

Mtaani walimwita Mama Sindano, na jina hilo lilimsumbua kuliko lilivyomfaa. Kila alipotoka kwenda kazini alibeba sanduku la mbao, na ndani yake mlikuwa na mabomba ya sindano ya kioo, manene kuliko ya hospitali, yamelazwa juu ya sponji kama mayai. Mtu mmoja aliyaona siku sanduku liko wazi, habari ikaota miguu: kumbe yule mama ni nesi. Tangu hapo hakupita salama. Mara huyu mtoto wake ana homa, mara yule goti limevimba, mara mwingine anamnyooshea mkono kabisa, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. Yeye akijibu, "Jamani, mimi navuta damu ya mashine, si ya watu," wanacheka na kuona anawakwepa. Jirani mmoja alimnunia kwa muda mrefu, akisema mtu akisoma kidogo tu roho inakuwa ngumu.

Wala hakuwa anatania. Alikuwa mpimaji wa mafuta katika maabara ya shirika la umeme. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vituo, kufungua koki iliyo chini ya tumbo la transfoma kubwa, kuvuta mafuta polepole bila kuruhusu hata kipovu kimoja cha hewa, kuziba, kuandika jina la kituo juu ya bomba, na kurudi maabara kuyasikiliza yanasema nini. Alisema hivyo mwenyewe, "kuyasikiliza". Mafuta yana rangi, yana harufu, yana uchachu, yana gesi zilizojificha ndani yake. Mwenye subira yatamweleza kila kilichotokea mle ndani ambamo hakuna jicho linaloingia.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye mtu pekee nje ya kazi aliyewahi kumwuliza kwa dhati. Wifi huyo alikuwa na biashara ya kutotoa vifaranga kwa mashine, mwanamke wa kicheko kikubwa na maneno yasiyo na breki.

"Hebu niambie, wifi. Hiyo transfoma ndani ina nini?"

"Ina chuma na waya wa shaba. Waya umefungwa karatasi, mzunguko juu ya mzunguko, halafu vyote vimezamishwa kwenye tangi la mafuta."

"Karatasi? Hii ya daftari?"

"Ndugu yake. Nene na ngumu zaidi, ila mama yao ni mti mmoja."

"Makubwa! Umeme wa mji mzima umezuiwa na karatasi?"

"Na mafuta. Mafuta yanaizuia njia ya umeme, tena yanabeba joto kulitoa nje. Lakini mafuta yakichakaa unayasafisha, ukitaka unamwaga unatia mengine. Karatasi hubadilishi. Ikipikwa na joto miaka nenda miaka rudi, inakauka, inapoteza nguvu, na hakuna dawa. Imezaliwa humo, itazeekea humo."

"Kama wewe kwenye ndoa ya kaka yangu," alisema wifi, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Huyo kaka naye alikuwa mtu wa umeme. Watu walimwita Zamu, kwa sababu ukimwalika arusi yuko zamu, ukimwalika kikao yuko zamu, na shangazi yake mmoja aliapa kwamba hata siku ya kuzaliwa alichelewa kutoka maana alikuwa hajapata wa kumpokea. Alikuwa mwangalizi wa swichi katika kituo cha kupozea umeme kilichokuwa pembeni mwa mji. Mtu mrefu, mpole, sauti ya chini, fundi wa kuiga sauti za watu. Akikuigizia mkuu wa shirika unaangalia mlangoni kama hajaingia kweli. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha pana, na nje ya dirisha, juu ya kokoto, ilisimama transfoma yenyewe, kijivu, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na mapezi ya kupozea yamejipanga ubavuni na feni chini yake.

Zamani transfoma zilikuwa mbili. Moja ilibebwa kupelekwa mji mwingine ambako yao iliungua, kwa ahadi kwamba itarudi. Haikurudi. Iliyobaki ikachukua mzigo wa mwenzake juu ya wa kwake. Na mji nao haukusubiri: majengo yaliongezeka, mashine za kusaga, viwanda vidogo, vipoza hewa madirishani. Kituo cha kupozea umeme, jina zuri, ila ndani yake hakukuwa na kilichopoa. Mchana wa kiangazi Mama Sindano akiweka kiganja ubavuni mwa tangi ilibidi akiondoe upesi kama aliyegusa sufuria.

Mafuta yaliyowahi kuwa na rangi ya asali changa yalikuwa yamefika rangi ya chai isiyo na maziwa. Yalikuwa yanachacha. Na safari hii kipimo kilionyesha kitu ambacho hutoka kwenye karatasi tu, pale karatasi inapovunjikavunjika. Alirudia kipimo. Akakirudia tena, kwa bomba jingine. Kisha akampelekea mhandisi wake.

Mhandisi alikuwa mdogo kidogo kwake kwa umri, mtu wa kusikiliza. Alisoma karatasi ya majibu akiwa amesimama, halafu akaketi.

"Mama, hii imekwisha."

"Imekwisha, Mhandisi."

"Lakini inafanya kazi."

"Karatasi iliyochoka inazuia umeme vizuri tu, mradi isitikiswe. Siku ikitokea hitilafu kubwa kwenye laini, nyaya zitasukumana kwa kishindo ndani. Mpya ingevumilia. Hii itapukutika, na cheche zitapiga ndani ya mafuta."

"Na hitilafu kwenye laini hazikosekani."

"Hazikosekani."

Hapo ndipo hadithi nyingi huwa na mtu mbaya, bosi asiyesikia au mkubwa aliyekula fedha. Hapa hakuwepo. Mhandisi aliandika siku ileile. Makao makuu walijibu upesi, kwa heshima, na walikubaliana naye neno kwa neno: ndiyo, imekwisha, ndiyo, ni hatari, mpya imeshaagizwa. Ila transfoma kubwa hainunuliwi dukani ikafungwa kamba juu ya gari. Inatengenezwa kwa oda, na kiwandani kulikuwa na foleni ya nchi na nchi, kila moja na mji wake unaochemka. Wangesubiri mwaka? Miwili? Kiwanda chenyewe hakikutaka kusema.

"Basi tuipunguzie mzigo," alisema Mama Sindano. "Joto likishuka kidogo tu, umri wake unaongezeka. Ni joto linaloimaliza. Likipanda kiasi, siku zake zinakatwa nusu. Likipanda tena, nusu ya nusu."

Kupunguza mzigo maana yake ni kuwakatia watu. Mkuu wa mkoa wa shirika aliafiki, mgao ukatangazwa, mitaa ikagawanywa kwa zamu. Geji ya joto ikashuka. Zamu aliporudi nyumbani alisema, "Leo imelala, hata mlio wake umelainika," na kwa mara ya kwanza katika muda mrefu mkewe alikula akashiba.

Furaha hiyo haikudumu. Asubuhi moja wifi alipiga hodi akiwa na beseni kichwani. Hakutania. Alilitua sebuleni, akaondoa kitambaa. Lilikuwa limejaa mayai. Alichukua moja akalipasua ukingoni mwa beseni, na ndani kulikuwa na kifaranga kamili, manyoya yamelowa, mdomo umechongoka tayari kwa kutoboa ganda, kimekufa.

"Mashine nzima," alisema. "Walikuwa wanatoka kesho, wifi. Kesho! Wengine nilishaanza kusikia wanalia ndani."

"Pole, wifi yangu. Pole sana."

"Nimekwenda ofisini kwenu nimeambiwa ni mgao. Mgao wa nini? Kituo kile si kipo? Si kinanguruma? Mume wako, kaka yangu, si yuko pale anakitazama?"

Mama Sindano angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Mgao niliuomba mimi."

Wifi aliliweka lile ganda chini.

"Wewe?"

"Ile transfoma ikiendelea na mzigo ule itapasuka. Na kaka yako yuko mita chache tu kutoka pale, nyuma ya kioo."

Wifi aliketi chini, palepale sakafuni, kando ya beseni. Hasira yake ilikosa pa kutua. Alilifunika beseni tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Sasa mimi nifanye nini?" aliuliza. "Nikuombe urudishe umeme ndugu yangu afe? Au nikushukuru?" Waliyazika mayai nyuma ya nyumba kwa jembe moja, wakipokezana.

Wala haikuwa wifi peke yake. Wenye mashine za kusaga walilalamika, kliniki ya akina mama ilichoka kuendesha jenereta, mafundi cherehani walikaa barazani mikono mapajani. Malalamiko yalipanda ngazi hadi mahali ambapo hakuna aliyepajua, na amri ikashuka: mgao usitishwe. Mkuu wa mkoa aliisoma amri kwa sauti mbele yao, akaikunja. "Nimejitahidi," alisema, na alikuwa amejitahidi kweli. Jioni ileile geji ilipanda ikarudi palepale.

Badala ya mgao, makao makuu wakaleta mtambo wa kusafisha mafuta. Ulikuja juu ya lori refu, na mabomba mazito kama chatu, ukafungwa ubavuni mwa transfoma. Kwa siku kadhaa ulivuta mafuta, ukayapasha, ukayanyonya maji na tope na uchachu, ukayarudisha. Yalitoka yanang'aa. Rangi ya asali changa! Wafanyakazi walipokezana chupa wakiishika kwenye jua, na mkuu wa mkoa akapigwa picha nayo. "Imerudi ujana," alisema, watu wakapiga makofi.

Mama Sindano alivuta bomba lake kama kawaida. Maabara, kila kipimo kilikuwa safi, hata kile cha karatasi.

"Umeona?" alisema mhandisi, bila furaha.

"Nimeona. Tumeufuta na ushahidi wenyewe. Sasa hata ikizidi kuoza hatutajua mpaka baadaye sana."

"Ila karatasi iko vilevile."

"Iko vilevile. La kuvunda halina ubani, Mhandisi."

Nyumbani, Zamu alikuwa ameshaigiza hotuba yote ya mkuu wa mkoa, na miwani aliyovaa ilikuwa ya kuazima kwa jirani. Alipoona mkewe hacheki akaivua.

"Mbona hivyo, mama? Si mmeitibu?"

"Tumeiogesha." Akampokea ile miwani. "Omba uhamisho, bwana."

"Nihamie wapi?"

"Popote. Stoo. Ofisi ya malalamiko. Nenda ukasome mita."

Zamu alizungusha kikombe mezani. "Nikiondoka, kiti hakiwezi kukaa kitupu. Atawekwa mtu. Wenzangu wa zamu nyingine mmoja mkewe amejifungua juzi, mwingine anamlea mama yake. Nimpe nani kiti changu? Wewe chagua."

Hakuchagua. Nani angechagua? Kuanzia hapo kila mume alipoingia zamu, mke naye alibeba sanduku lake. Alikwenda kupima kituoni mara nyingi kuliko alivyopaswa, akijua mafuta safi hayamwambii kitu. Akimaliza alisimama tu kwenye kokoto, sanduku mkononi, akiutazama ule ukuta wa chuma. Mumewe kutoka dirishani alimpungia mkono, naye akampungia.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto na upepo. Mchana, tawi la mti kando ya barabara lilikatika likalalia laini mbili kwa pamoja. Jambo dogo. Mwaka mzima matawi huanguka, swichi huruka, mafundi hutoa tawi, umeme hurudi. Maabara, feni ya juu ilipunguza mwendo ikasimama. Mama Sindano aliinua kichwa. Ukaja mshindo, si mkali kwa umbali ule, kama mtu aliyedondosha gunia ghorofa ya juu. Vioo vya maabara vikatetemeka. Alitoka nje. Upande wa kituo moshi mweusi ulikuwa unapanda, mnene.

Mhandisi alikuwa ameshawasha gari. Mama Sindano alishika sanduku lake la mabomba mapajani, asikumbuke alilichukua saa ngapi.

Zimamoto waliwazuia getini. Nyuma yao transfoma ilikuwa inawaka kwa ndimi ndefu za rangi ya chungwa, na mafuta yaliyosafishwa yalitiririka juu ya kokoto yakiwaka. Dirisha pana halikuwepo. Aliuliza, "Aliyekuwa zamu yuko wapi?" na kila aliyemwuliza alimwonyesha mwingine. Alizunguka uzio. Upande wa nyuma, penye bomba la maji la kumwagilia, alimkuta mumewe ameketi ardhini, miguu imenyooshwa, uso mweusi kwa masizi, maji yanamchuruzikia shingoni. Alikuwa mzima. Mikono miwili, miguu miwili, macho. Mkewe alipiga magoti akamshika mashavu akamwita, akamwita tena, na Zamu akamtazama kwa mshangao wa mtu anayeona midomo inacheza nyuma ya kioo.

"MBONA HUSEMI?" alipaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kupaza. "SEMA NA MIMI, MAMA. MBONA HUSEMI?"

Daktari alisema ngoma za masikio zimepasuka, na ndani zaidi kumeharibika. Labda kusikia kutarudi kidogo, labda kusirudi. Hakukurudi.

Mji ukakaa gizani kwa majuma. Na watu wakiwa gizani hutafuta wa kumlaumu. Zamu alikuwa amekata swichi zote za upande wake kabla ya kutoka, moto usivuke kwenda laini nyingine. Wataalamu waliokuja kuchunguza waliliandika hilo na kumsifu. Lakini mtaa hausomi ripoti za wataalamu. Ilianza dukani, ikaenda kisimani, ikarudi imenenepa: alikuwa amelala. Alikuwa amelala zamu, transfoma ikalia weee, hakusikia, Mungu akamwondolea masikio kabisa. Waliyasema hayo akiwa amekaa palepale barazani, hatua chache kutoka kwao, kwa sauti ya kawaida, maana, ya nini kunong'ona mbele ya kiziwi? Yeye aliwapungia mkono, akitabasamu. Mkewe ndiye aliyesikia. Alisikia kila neno.

Mara ya kwanza aliwavamia. Aliwaeleza karatasi, joto, tawi, foleni ya kiwandani. Walimsikiliza kwa adabu. "Pole, Mama Sindano," walisema, na alipowapa mgongo wakaendelea. Mara ya pili hakuwa na nguvu. Wifi ndiye aliyekwenda kuwatukana, matusi ya kunyooka, mpaka wengine wakafunga milango. Akarudi anahema, akaketi karibu na kaka yake, akamshika mkono, akalia. Zamu akamwuliza mkewe kwa sauti kubwa, "ANALIA NINI HUYU? VIFARANGA TENA?"

Mabaki yalipopoa, walilifungua tangi. Mama Sindano alikuwepo. Sehemu moja ya chini, ambako moto haukufika, karatasi ilikuwa bado imezunguka waya, kahawia iliyoiva kama jani la tumbaku. Mhandisi aliigusa kwa kidole, ikabaki unga. Mhandisi alifuta kidole kwenye suruali, akafuta tena.

"Tulijua," alisema mwishowe.

"Tulijua," alisema Mama Sindano. "Imesaidia nini?"

Transfoma mpya ilikuwa bado kwenye foleni. Kwa hiyo wakaleta nyingine kutoka kituo cha mbali, ililetwa juu ya lori la matairi mengi, mji mzima ukatoka kuishangilia. Watoto walikimbia nyuma yake. Ilikuwa imepakwa rangi mpya. Mama Sindano alikwenda kuipima kabla haijawashwa, na mafuta yaliyoingia kwenye bomba lake yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alipeleka majibu. Mhandisi akayasoma, akawaandikia makao makuu, wakakubali kila neno. Ikawashwa. Ipi nyingine ingewashwa?

Jioni umeme uliporudi, mtaa ulipiga yowe la shangwe. Zamu hakulisikia, lakini aliiona taa ya barazani ikiwaka usoni mwa mkewe, akasimama. Uso ulimfunguka.

"IMEWASHWA! HIYO MLIYOLETA, VIPI? NZIMA?"

Mama Sindano alifungua kinywa amjibu. Alimwona anavyoitazama midomo yake, kwa bidii, kama mwanafunzi mbele ya ubao, na akajua hapati hata neno. Angeweza kutikisa kichwa. Angeweza kuinua kidole gumba. Badala yake aliketi kando yake kwenye mkeka na kumweleza yote, kwa sauti ya kawaida, jinsi alivyozoea kumweleza akitoka kazini: rangi ya mafuta, uchachu wake, karatasi imefika wapi, mzigo utakaopanda kiangazi, yule mwenzake mwenye mtoto mchanga ambaye sasa ndiye anayekaa nyuma ya dirisha jipya. Alisema mpaka maneno yakamwishia.

Zamu aliitikia kwa kichwa kila mkewe alipotua, kama mtu aliyesikia.